Keziah Preece wa Ludlow, Mtunga Mashairi

Ndugu, majirani na waumini wenzetu mliofika leo, Jumatano tarehe 15 Novemba 1843, asanteni. Tunamzika Keziah Preece. Maneno haya yametoka kinywani mwa mumewe, Amos. Ameyaandika na anayasoma Josiah Gwilliam, mtoto wa kaka wa marehemu, kwa kuwa Amos kusoma hajui.

Keziah alizaliwa tarehe 9 Februari 1779 hapa hapa Ludlow, Mtaa wa Lower Broad, nyumba ya tatu kutoka darajani. Alikuwa mtoto wa nne wa Obed Gwilliam, mkataji wa ngozi za glavu, na mkewe Patience. Wiki ile mto Teme ulifurika hadi mlangoni. Mkunga alikuwa mwanamke mnene, ikabidi Obed ambebe mgongoni kuvuka maji. Hadi uzeeni Obed alikuwa akisema kwamba siku ile aliyeumia kwa uzazi ni yeye.

Shule aliyosoma Keziah ni ya Jumapili, katika kanisa hili, tangu alipokuwa na miaka sita hadi kumi. Alifundishwa kusoma Biblia. Kuandika hakufundishwa. Mwalimu alisema mtoto wa kike wa watu wa glavu kusoma kunamtosha. Basi alijifunza kuandika mwenyewe, kwa chaki ya baba yake, juu ya mabaki ya ngozi, akinakili vibao vya maduka. Ndiyo maana hadi kufa kwake herufi zake zilikuwa kubwa na zimesimama wima, kama zinazotangaza nyama.

Shairi lake la kwanza alilitunga akiwa na miaka kumi na mmoja. Lilihusu nguruwe wa mzee Bufton aliyeingia kanisani katikati ya mahubiri akatoka na kofia ya shemasi. Mji mzima ulilikariri. Mzee Bufton alikwenda kwa Obed amewaka, akidai nguruwe wake amechafuliwa jina. Keziah aliitwa. Mzee akamwambia alirudie shairi lote, tusi kwa tusi. Alipomaliza, mzee akasema, "Umesahau kutaja uzito wake." Keziah akaongeza mstari.

Kazi yake ilikuwa kushona glavu. Alianza na miaka minane na hakuacha hadi kazi yenyewe ilipokufa mjini. Mshono wake ulikuwa mdogo na wa sawasawa. Waliokuwa wakigawa kazi walimwekea ngozi za mwanakondoo zilizo nyembamba kuliko zote. Alitunga huku anashona. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Watoto walijua kwamba midomo ikicheza, mama haulizwi kitu.

Na ni kwa ajili ya ngozi ndipo alipokutana na Amos. Amos alikuwa mlainishaji ngozi katika yadi ya Corve Street. Ngozi ya glavu hulainishwa kwa viini vya mayai, unga na shabu. Hutiwa pipani, na mtu huingia humo na miguu mitupu akazikanyaga tangu asubuhi. Siku moja Keziah alifika yadini ameshika ngozi moja mkononi.

"Nani alikanyaga hii?"

"Mimi," Amos akasema.

"Ulikanyaga ukiwa macho au usingizini?"

Wenzake pipani walicheka hadi wakashikana. Amos aliichukua ngozi ile akaikanyaga upya, mbele yake, na yeye akasimama pale pale akingoja. Alipomrudishia, Keziah aliipitisha shavuni. "Sasa umeamka," akasema. Akaondoka zake.

Walifunga ndoa Jumatatu tarehe 6 Oktoba 1800, katika kanisa la Mtakatifu Laurence, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuruhusu ndoa katika makanisa kama hili letu. Keziah aliandika jina lake daftarini. Amos aliweka alama ya msalaba. Walijaliwa watoto watano. Enoch na Ruth walitangulia wakiwa wadogo, mwaka 1809, wiki moja. Hilo halizungumzwi zaidi.

Katika miaka ile hawakulala njaa. Viini vya mayai vilikuwa mali ya tajiri, lakini ute ulikuwa wa yeyote aliyeutaka, na Amos alirudi nao kila jioni kwa ndoo. Watoto wao walikula ute wa mayai wa kuchemsha, wa kukaanga, na wa kuchanganywa na kila kilichokuwepo. Keziah alijaribu kumfundisha mumewe kusoma. Hakikuingia kitu, ila umbo moja tu: jina Keziah Preece. Hilo Amos aliweza kulitambua popote lilipoandikwa.

Sasa habari ya mashairi, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande.

Mwaka 1806 Bibi Lavinia Corfield, aliyekuwa akiishi nyumba kubwa ya juu mtaani, alimsikia mtumishi wake akikariri shairi la Keziah huku anafua. Akamwita. Akamwambia mashairi yake yatatengenezwa kitabu. Kuchapa kitabu ni ghali, na utaratibu wa wakubwa ulikuwa huu: watu wenye uwezo huweka majina yao na nusu ya bei kabla kitabu hakijachapwa, na kikitoka, majina yao huwa mbele, kwa mpangilio wa vyeo, wa kwanza mwenye cheo kikubwa. Bibi Corfield aliwaandikia watu wote aliowajua. Alijitahidi sana, na hapa anashukuriwa.

Lakini pia aliyasahihisha mashairi. Nguruwe alitolewa. Mto Teme ukawa mto mwingine, wa Ugiriki. Na mbele aliandika utangulizi, akieleza jinsi mwanamke huyu fukara anavyoandika usiku, amepiga magoti mbele ya beseni lililopinduliwa chini juu, mtoto mgonjwa pajani, machozi yakidondokea karatasi.

Meza ilikuwepo. Amos ndiye aliyeitengeneza, ya mti wa mwaloni, na ilikuwa imara.

Kitabu kilipofika, Amos alikichukua mwenyewe kwenye mwanga wa mlango akaanza kutafuta lile umbo alilolijua. Alifungua kurasa moja moja.

"Uko wapi humu?"

"Simo," Keziah akasema.

"Simo vipi? Na haya yote si majina?"

"Ni ya walionunua."

"Na hapa mwanzo, palipoandikwa kwa herufi kubwa?"

"Pameandikwa: Mshona Glavu Maskini."

"Mnunuzi ana jina, mwenye kazi hana?"

"Ndivyo wanavyofanya, Amos. Kula, chakula kinapoa."

Kitabu kile kilinunuliwa sana. Fedha alizishika Bibi Corfield, akawa anazitoa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sura ya flana. Jarida moja la wahakiki kule London liliandika kurasa mbili nzima juu yake. Bwana Silvanus Hotchkiss, mpiga chapa wetu, alimletea Keziah jarida lile mwenyewe, mbio, amesahau kuvua aproni. Keziah alilisoma akiwa amesimama. Mhakiki alimwombea faraja ya Mungu katika dhiki zake. Alilaani umaskini. Hakunukuu hata mstari mmoja wa shairi.

"Amesoma utangulizi," Keziah akasema. "Kwenye mashairi hakufika."

Tangu siku ile alijua anachokitaka, na alikisema wazi kwa mumewe: anataka kusomwa, hataki kuhurumiwa. Mtu akisema shairi lake ni baya, atalala usingizi. Mtu akisema ni zuri ukizingatia shida zake, huyo hatamsamehe.

Magari ya farasi yalianza kusimama mlangoni. Mabibi wa Shrewsbury na hata wa Bath walishuka kumtazama. Siku moja bibi mmoja aliingia familia ikiwa mezani, akaangaza macho chumbani, akauliza kwa upole, "Na lile beseni liko wapi?" Tabitha, dada yake Keziah, aliinuka bila neno, akaenda nyuma, akaliburuta beseni la kufulia hadi katikati ya chumba. "Hili hapa, bibi. Kulitazama shilingi. Kulipigia magoti, mbili." Yule bibi alilipa. Keziah alikasirika na dada yake siku nzima, kisha alipokuwa anazima mshumaa Amos alimsikia anacheka peke yake.

Mwaka 1812 alitoa kitabu cha pili bila mfadhili yeyote. Alipatana na Bwana Hotchkiss: faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu. Hakikuwa na utangulizi. Kilikuwa na jina lake, na nguruwe alirudishwa. Hakikununuliwa. Wakubwa walikuwa wamekwisha kutoa huruma yao mara moja, na jarida la London halikusema lolote, zuri wala baya. Bwana Hotchkiss alivumilia mwaka mzima, halafu akaanza kuwauzia karatasi wauza vyakula. Jumamosi moja Amos alirudi na pai ya samaki wa mtoni imefungwa kwa ukurasa wa mkewe. Aliogopa kumpa. Keziah aliikunjua karatasi, akaisoma, akasema, "Ni nakala ya kwanza kuuzwa wiki hii."

Baada ya hapo alikaa kimya miaka mingi. Hakuacha kutunga, aliacha kupeleka.

Mnamo 1824 ukaja mtindo wa vitabu vya zawadi. Mnavikumbuka: vidogo, vya jalada la hariri, vyenye picha, watu wananunuliana Krismasi. Wahariri wa vitabu hivyo walitaka mashairi mafupi na walilipa vizuri kuliko kitabu kizima. Keziah alipeleka kupitia kwa Bwana Hotchkiss. Hakuweka jina wala kazi yake, aliweka K.P. tu. Aliwaza hivi: nikiandika jina watauliza ni nani, na wakijua ni nani hawatasoma. Yalipokelewa. Mwaka uliofuata yakaombwa mengine. Wasichana wa Shropshire nzima waliyanakili kwenye vitabu vyao vya kumbukumbu.

Siku moja Bibi Corfield alimsimamisha mtaani, ameshika kimoja cha vitabu hivyo.

"Keziah, unaendelea na vishairi vyako?"

"Kidogo, bibi."

"Basi msome huyu K.P. Huyu ni mtu mwenye malezi, unaona hata katika upangaji wa maneno. Jifunze kwake."

"Nitajitahidi, bibi."

Aliingia nyumbani amejiziba mdomo kwa aproni. Amos alidhani kuna msiba.

Halafu mwaka 1826 serikali ilifungua mlango kwa glavu za Wafaransa, na mnajua yaliyotupata. Yadi ya Corve Street ilifungwa kabla ya mavuno. Amos, aliyekuwa na miguu laini kuliko ya mke wa hakimu, alipewa nyundo na parokia, kama maskini wengine wasio na kazi, akaenda kupasua mawe ya barabara ya Leominster. Kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa. Reuben, mtoto wao wa kiume, alikuwa na miaka kumi na sita na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba.

Katika hali hiyo, Februari 1827, alikuja Bwana Crispin Lovekin. Alikuwa wakala wa muuza vitabu mmoja wa London, kijana wa buti zinazong'aa. Kwa namna aliyoijua yeye alikuwa amegundua K.P. ni nani. Hakwenda nyumbani. Alikwenda barabarani moja kwa moja.

"Wewe ndiye Amos Preece?"

Eli Bufton, wa ukoo wa yule mzee wa nguruwe, aliyekuwa akipasua mawe karibu, alidakia, "Inategemea. Unadai au unalipa?"

"Nimekuja kulipa."

"Basi Amos Preece ni mimi," Eli akasema, na wote wakacheka, hata Lovekin.

Lovekin alikaa juu ya rundo la mawe, akatandaza leso kwanza. Akaeleza. Tajiri wake alitaka haki yote ya mashairi ya K.P., yaliyochapwa na yatakayochapwa, na angetoa pauni mia moja. Amos alimwambia akamuulize mwenye mashairi.

"Simhitaji, mzee wangu. Kisheria alicho nacho mke ni cha mume. Mashairi ni yako, kama sufuria zilivyo zako."

"Sufuria pia ni zake," Amos akasema.

"Weka tu msalaba wako hapa. Kalamu ninayo."

Amos aliitazama ile karatasi. Pauni mia moja zingelipa kodi na kubaki. Akaweka nyundo chini. "Twende nyumbani," akasema.

Keziah alikuwa mezani, Reuben karibu na moto. Lovekin alirudia habari yake, na safari hii akaongeza sharti. Mbele ya kitabu patakuwa na maisha ya mwandishi. Kuzaliwa kwake, sindano, njaa, watoto waliokufa. Na picha moja.

"Picha ya nini?" Keziah akauliza.

"Wewe na beseni, bibi."

"Beseni umelijulia wapi?"

"Nani asiyelijua? Tukisema K.P. ndiye yule mshona glavu maskini wa zamani, nchi nzima italia."

"Na mashairi?"

"Yatafuata nyuma."

Keziah akasema, "Kijana, mtu akishaambiwa mwanangu alikufa, hataona tena kama mstari wangu umenyooka au umepinda. Atauhurumia tu. Mimi nimekaa na mstari mmoja wiki nzima ili unyooke."

"Bibi, mashairi matupu London yamejaa kama panya. Watu wananunua machozi."

"Wauzie vitunguu. Ni rahisi zaidi."

Lovekin alimgeukia Amos. Akatandaza karatasi juu ya meza, akachovya kalamu, akaielekeza kwake. "Uamuzi si wa bibi. Ni wako, mzee. Mwangalie kijana wako viatu."

Amos aliviangalia viatu vya Reuben. Hilo hakulificha. Kisha akamwambia mkewe, "Ukitaka nikatae, nakataa. Lakini sema mwenyewe, Reuben akusikie."

Keziah alimtazama mtoto, si mumewe. "Reuben, nataka baba yako akatae."

Reuben aliinamisha kichwa, akakubali.

"Chukua karatasi yako, kijana," Amos akasema. "Wino unadondokea meza."

Lovekin alikwenda. Kitabu cha zawadi kilichokuwa kikimlipa Keziah kilikuwa cha tajiri yule yule, na hakikumlipa tena. Nyumba ya Lower Broad, walimozaliwa Keziah na watoto wake wote, iliwatoka siku ya Mtakatifu Yohana, mwezi Juni, wakahamia chumba kimoja chini ya kinu. Reuben alikwenda kuchimba makaa Clee Hill. Dorcas na Mercy walikwenda utumishi Worcester. Tabitha hakusema na Amos hadi Pasaka ya mwaka uliofuata, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shemeji, pauni mia moja mmezikataa kwa ajili ya beseni?" Majira ya baridi yale yalikuwa marefu. Hakuna aliyelalamika mezani. Meza yenyewe ilikuwa imeuzwa.

Siku moja Amos alimuuliza kama anajuta. Akasema, "Nikiona viatu vya watoto, ndiyo. Nikishika kalamu, hapana. Kwa hiyo nakwenda kushika kalamu."

Kitabu kingine cha zawadi, cha Liverpool, kilianza kuchukua mashairi yake mwaka 1829, kwa malipo madogo. Hakikuuliza mwandishi ni nani. Kidogo kidogo K.P. akawa mtu wa kuzungumzwa. Wahakiki walewale wa London waligombana juu yake. Mmoja alisema mashairi yake mawili ya mwisho ni mabaya na akaonyesha mistari mibaya, mmoja mmoja. Keziah aliisoma ile habari mara tatu. Alikuwa na furaha ambayo Amos hakuwa ameiona tangu arusi. "Amesoma," alikuwa akisema. "Huyu amesoma. Na mstari wa nane ana haki, umepinda." Gazeti lingine lilithibitisha kwamba K.P. ni paroko mstaafu wa Devon mwenye ugonjwa wa jongo mguuni. Tangu siku hiyo Eli Bufton hakumwita kwa jina lingine. "Habari za asubuhi, paroko. Mguu unaendeleaje?"

Amos hakuwahi kujua kama mashairi yale ni mazuri. Alisomewa yote. Alichojua ni kwamba mkewe aliweza kutoa neno moja, akaweka lingine, akalirudisha la kwanza, na akawa amechoka kama aliyebeba maji kutwa.

Ugonjwa ulimwanza majira ya kuchipua ya 1841. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo, maji yanapanda. Alitibiwa kwa dawa ya moyo ya majani ya porini, ikamsaidia mwaka mmoja. Tangu Agosti mwaka huu hakuweza kulala chali. Alikaa kitini, na Amos alikaa kitini kando yake. Alikuwa anamkanda miguu. Keziah alimwambia, "Hapo umeamka au umelala?" na Amos akakanda zaidi. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Novemba 1843, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne. Alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe. Lilifunguliwa.

Limebaki jambo moja.

Mwezi Oktoba ilikuja barua ya muuza vitabu mwingine wa London, mtu mwungwana kwa maandishi yake. Anataka kukusanya mashairi yote ya K.P. kitabu kimoja, na ameomba jina kamili na habari za maisha ya mwandishi za kuweka mbele. Keziah alimjibu kwa mkono wa Josiah: mashairi wachukue, jina lake waliandike lote, zaidi ya hapo wasiongeze neno. Alikubali kuuza kwa sharti hilo, na Amos aliweka msalaba wake chini ya jina la mkewe. Kitabu kitatoka majira ya kuchipua.

Barua ya pili imefika juzi Jumatatu. Keziah alikuwa jenezani, nyumbani kwa Tabitha. Muuza vitabu anasema ataheshimu sharti. Lakini anauliza, endapo mgonjwa hatapona, kama familia itakuwa radhi kuandika maisha yake. Sharti la mwandishi, kwa maoni yake, linaisha na mwandishi. Atalipa pauni hamsini.

Josiah alimsomea Amos barua ile kando ya jeneza. Akasema, "Mzee, hilo ni jiwe la kaburi la maana. Na nyumba ya kupanga hadi mwisho wa siku zako. Naye shangazi haumii tena."

Amos akasema, "Chukua kalamu. Andika maisha yake."

Josiah alifurahi, akakaa.

"Lakini si ya London," Amos akasema. "Ni ya Jumatano."

Ndiyo haya mliyoyasikia. Humu kanisani hakuna wa kumhurumia Keziah. Nusu yenu mlikula ute wa mayai hadi mkauchukia, na nusu mlipasua mawe na Amos. Mkisikia ametolewa Lower Broad hamtadondosha machozi, mtasema hata sisi tulitolewa. Kwa hiyo kwenu yamesemwa yote, na Enoch ametajwa, na Ruth ametajwa. Bwana Hotchkiss mdogo amechapa nakala za watu wa hapa tu, na jioni hii atazivunja herufi za chapa na kuzirudisha kwenye visanduku vyake, zisichapwe nyingine. Tunaomba, karatasi hii isipelekwe kwa mwenye gazeti. Mgeni akifika mjini akauliza Keziah Preece alikuwa nani, alikula nini, aliandikia wapi, mwambieni akanunue kitabu.

Marehemu ameacha mumewe, Amos. Binti zake, Dorcas Bytheway na Mercy Onions, wote wa Worcester. Mwanawe Reuben, wa Clee Hill. Dada yake Tabitha. Wajukuu tisa, na Josiah aliyekuwa mkono wake macho yalipomchoka. Jiwe litakuwa la kawaida, la machimbo yetu, na litaandikwa jina na miaka.

Mungu amlaze pema Keziah. Machozi ni yetu sisi tuliomjua. Wengine wasome.